Mtumishi Mmoja

Kidonda cha Ng'washi kilikuwa kimefunguka tena. Lukresia alilijua hilo kabla hajabandua gozi lililokifunika, maana shuka lilikuwa limelowa upande wa kulia na harufu ilikuwa imeshatangulia mlangoni. Akavuta pazia la kitenge lililofungwa kwa kamba kati ya vitanda, akasimama kidogo kuutengeneza uso wake, kisha akainama.

"Mwangaluka, dada," Ng'washi alimsalimia kwa sauti ya mtu aliyekesha.

"Mwangaluka. Umelala?"

"Mtoto ndiye kalala. Mimi nilikuwa namwangalia tu."

Bomba la wodi ya wazazi lilikuwa limekauka tangu kabla ya Pasaka. Juu ya sinki waliweka ndoo yenye koki, ikijazwa na ndugu wa wagonjwa waliochota maji kwenye kisima cha nyuma ya jiko. Asubuhi hiyo hakuna aliyechota. Lukresia alichukua chupa ya dripu, akaitoboa kwa sindano, akajimiminia viganjani yale maji ya chumvi kidogo kidogo, kana kwamba ananawa kwa machozi. Sabuni ilikuwa kipande alichokuja nacho kutoka nyumbani, ndani ya mfuko wa gauni lake. Glovu zilikuwapo kwa wale ambao ndugu zao waliweza kununua dukani. Kwa wengine alitumia zilezile, akizipangusa kwa spiriti. Alijua ni makosa. Kila muuguzi wa wodi ile alijua, na kila mmoja alifanya.

Akabandua gozi. Mshono ulikuwa umeachia kutoka kitovuni kwenda chini, na nyama ya ndani ilikuwa na rangi ya maini yaliyolala.

"Hii sindano mnayonichoma, dada, ni dawa au ni maji?" Ng'washi aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Ni dawa. Dawa kali."

"Basi mwili wangu umeikataa."

"Si mwili wako," Lukresia alisema, akaishia hapo.

Ng'washi hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikuwapo wanawake wengine waliopasuliwa salama, wakanyonyesha, wakacheka na wifi zao, halafu siku chache baadaye homa ikapanda na mshono ukaanza kutoa usaha. Daktari aliwaandikia seftriaksoni, kisha flajili, kisha seftriaksoni tena. Wengine walipona wenyewe polepole. Wengine walirudishwa kwao wakiwa wamelazwa kwenye godoro nyuma ya gari, na wodini hakuna aliyeuliza waliishia wapi.

Mume wa Ng'washi aliitwa Jilala. Alikuwa mchuuzi wa samaki kule Lamadi, na alikuja Bariadi kila alipopata lifti ya malori ya mzigo, nguo zake zikinuka moshi wa kubanikia. Siku zote alimletea Lukresia samaki mmoja aliyefungwa kwenye gazeti. Lukresia alikataa mwanzoni, kisha akaacha kukataa, kwa kuwa aliona kijana yule hakuwa na namna nyingine ya kushukuru.

"Dada, wewe ndiye tunayekutegemea hapa," alimwambia. "Daktari anapita tu kama upepo."

*

Mchana wa siku hiyo Matroni Wilhelmina alimwita pembeni, karibu na kabati la shuka. Wilhelmina alikuwa mkuu wa wauguzi, mwenyeji wa Muleba aliyehamishiwa Simiyu miaka mingi nyuma na kuizoea hata akawa anakula michembe ya viazi kwa karanga kama mzaliwa. Yeye ndiye aliyesimama kanisani kuwa mama wa ubatizo wa Winnie, binti wa Lukresia. Lukresia alipoharibikiwa na mimba ya pili, Wilhelmina alikaa naye kitandani akimshika mgongo mpaka damu ikakoma. Kwa Lukresia, mama huyu alikuwa zaidi ya mkuu wake wa kazi.

"Mdogo wangu, naomba unibebe," Wilhelmina alisema. "Wamekuja wataalamu wa chuo kutoka Mwanza. Wanatafuta vijidudu sugu, vile visivyosikia dawa. Wanapima wagonjwa, vitanda, sinki, na sisi wenyewe. Wanapitisha kijiti cha pamba puani na viganjani, basi. Lakini watu wameingiwa na woga. Ukianza wewe, wenzako watafuata."

"Na wakinikuta navyo?"

"Wakikukuta navyo hakuna jina. Kila mtu ana namba yake tu." Wilhelmina aliteremsha sauti, akatabasamu. "Nikwambie ukweli? Tunataka vionekane. Vikionekana kwa watu wengi, wakubwa watalazimika kutuletea maji na sabuni. Mimi nimepiga kelele mpaka nimechoka."

Lukresia alicheka. Akaketi wa kwanza kwenye kile kiti, akainua kidevu, kijiti kikaingia mpaka machozi yakamtoka. Wenzake walimcheka, kisha wakapanga foleni. Wakaja wa chumba cha upasuaji. Akaja Daktari Hemed mwenyewe, mganga mfawidhi, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapasua wanawake wote, akatania kwamba pua yake ni ya Kitanga, haiwezi kukaliwa na wadudu wa Bariadi. Mwisho akaketi Wilhelmina. Ilikuwa siku nzuri. Wataalamu waliwagawia soda.

Wiki iliyofuata Ng'washi alifariki. Homa ilipanda asubuhi, akaanza kuongea na watu ambao hawakuwapo, akiwaita kwa Kisukuma wafunge ndama. Lukresia alimshika mkono huku mwenzake akihangaika kutafuta mshipa ambao haukuonekana tena. Jilala aliingia mlangoni na gazeti lake mkononi. Hakuna aliyelazimika kumwambia. Aliliweka lile gazeti juu ya kabati, taratibu, akampokea mtoto kutoka kwa bibi yake aliyekuwa amembeba, akageukia ukutani.

*

Pengine mambo yangeishia hapo, kama yalivyoishia kwa wale wengine. Lakini mjomba wa Jilala alikuwa diwani, na hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema mke wa mpwa wake alikwenda kuzaa, hakwenda kufa, akataka maelezo. Maneno yakafika wilayani, yakafika mkoani, na mwisho ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa hospitali. Watumishi waliambiwa waje wote. Upande mmoja walikaa ndugu wa marehemu, upande mwingine wauguzi, na mbele, kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha bluu, walikaa wakubwa wenye chupa za maji ya kunywa.

Daktari Hemed alisimama. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ndugu zangu, hospitali hii haifichi kitu. Baada ya msiba huu tumefuatilia kitaalamu, na uchunguzi wa maabara umebaini kwamba mtumishi mmoja wa wodi ya wazazi amebeba vimelea sugu puani na mikononi. Vimelea vya aina hiyohiyo ndivyo vilivyokutwa kwenye kidonda cha marehemu. Tumekwisha kuchukua hatua. Mtumishi huyo, Muuguzi Lukresia, ameondolewa wodini kuanzia leo."

Kwanza Lukresia alidhani amesikia vibaya. Aliona vichwa vikigeuka. Mwenzake aliyekuwa ameketi kushoto kwake alijisogeza kidogo kwenye benchi, kidogo tu, kama anayempa nafasi mtu wa tatu.

Akasimama. "Mimi sijawahi kuambiwa majibu yangu. Ndiyo kwanza nayasikia hapa. Na lile bomba la wodi…"

"Keti, muuguzi."

"Daktari, hatunawi kwa sababu…"

"Nimesema keti. Hapa watu wana msiba. Si mahali pa kujitetea."

Akamtafuta Wilhelmina kwa macho. Matroni alikuwa ameketi mwisho wa ile meza, ameinamisha kichwa, anakunja pindo la mtandio wake, anakunjua, anakunja.

Jilala ndiye aliyeinuka. Hakupiga kelele. "Dada," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Sikujua, Jilala. Naapa."

"Ulikuwa unamfunga kidonda kila siku."

Nyuma mtu akasema "Muuaji," si kwa ukali sana, kama mtu anayejaribu neno. Diwani aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika na maelezo. Daktari Hemed akafungua chupa yake ya maji, akanywa.

*

Bariadi ni mji, lakini habari huenda mle kama kijijini. Kabla jua halijazama, kila mtu wa mtaa wao alikuwa ameshaambiwa. Jirani aliyekuwa akitwekana naye ndoo kisimani aliisogeza ndoo yake, akasema atajitweka mwenyewe. Shuleni watoto walimwambia Winnie mama yake anaitwa Mama Sugu. Mume wake, Maganga, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hakumtupia neno baya hata moja. Lakini alipomaliza kula aliuliza, akiangalia mlango, "Na mtoto je? Naye anavyo?"

"Sijui. Hakuna aliyempima."

"Na mimi?"

"Sijui, Maganga."

Maganga akainuka, akachukua godoro dogo la Winnie na kulihamishia sebuleni. Lukresia alimwangalia akilitandika vizuri, akivuta neti mpaka pembe zote zikakaa sawa, akashindwa hata kumkasirikia. Vijidudu vile havimdhuru mtu mzima wa afya. Hukaa tu puani vikisubiri kidonda. Alijua hivyo, na alimweleza. Lakini maneno ya kitaalamu yakitoka kwa mtu aliyetajwa mkutanoni hayana uzito.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Wilhelmina, kwenye zile nyumba za watumishi. Alimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Wilhelmina hakushtuka, alimsogezea kigoda.

"Uliniambia hakuna majina," Lukresia alisema.

"Nilikuambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa."

"Nani mwingine alikutwa navyo?"

Wilhelmina alitoa punje ya jiwe, akaitupa. "Mdogo wangu, ukijua itakusaidia nini?"

"Nani mwingine, Matroni?"

Kwa mara ya kwanza alimwita kwa cheo wakiwa wawili tu, si dada kama alivyozoea. Mama yule aliuweka ungo chini.

"Karibu wote," alisema. "Mimi ninavyo. Yaani, nilikuwa navyo. Daktari alikuwa navyo. Wale wa chumba cha upasuaji, wote isipokuwa mmoja. Sinki lilikuwa navyo, ile ndoo, meza ya kupasulia. Wataalamu walisema tufunge chumba cha upasuaji tusafishe, maji yarudi, watumishi wote watibiwe kwa pamoja. Sasa fikiria. Ukifunga pale, mwanamke wa Meatu au wa Itilima aliyeshindwa kujifungua anakwenda wapi? Mwanza? Atafia njiani. Na huyo daktari ndiye anayepasua mkoa wote huu unaouona. Ukimtaja yeye, kesho nani atashika kisu?"

"Kwa hiyo mkanitaja mimi."

"Alitakiwa mtu mmoja. Diwani alitaka jina." Macho ya Wilhelmina yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kugawa zamu. "Wewe ni wa hapahapa, una ndugu Shishiyu, una mume anafanya kazi. Wale vijana wengine wako kwenye mikataba, wangefukuzwa kabisa. Nilifikiri wewe utaweza kustahimili. Nilikutetea usifukuzwe, Lukresia. Niliwapigia magoti."

Kuku mmoja alikuja akadonoa mchele kwenye ungo, na hakuna aliyemfukuza.

"Umesema ulikuwa navyo," Lukresia alisema hatimaye.

"Kuna mafuta ya kupaka puani, na sabuni maalumu ya kuogea. Wataalamu walituma. Tulipaka, tukapimwa upya. Sasa tuko safi."

"Mlipaka kina nani?"

"Mimi. Daktari. Wale wa chumba cha upasuaji."

"Na mimi?"

Wilhelmina alimwangalia kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha Lukresia kuliko chochote alichokwisha kukisikia. "Jina lako lilikuwa limeshapelekwa, mdogo wangu. Mkoa walitaka kukupima wenyewe kuthibitisha. Ungepaka ukawa safi, sisi tungesema nini?"

Lukresia akainuka. Wilhelmina naye akainuka, akamshika kiwiko, akaanza kuongea haraka juu ya Winnie, kwamba yeye ni mama yake wa ubatizo, kwamba atamsomesha mpaka chuo, kwamba Mungu anajua. Lukresia alisubiri mpaka alipomaliza. Kisha akautoa mkono wake, si kwa nguvu, akaondoka bila kuaga.

*

Alikwenda Lamadi. Alijua haina maana lakini alikwenda. Alimkuta Jilala kando ya barabara kuu, nyuma ya meza ya mbao, anaparua magamba ya sato huku malori yakipita na kumrushia vumbi. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, alisema. Anakunywa maziwa ya ng'ombe na anaongezeka. Lukresia akamweleza yote, akiwa amesimama upande wa pili wa meza kama mteja. Bomba. Ndoo. Daktari. Mafuta ya puani.

Jilala alisikiliza bila kusimamisha kisu.

"Nimekuelewa," alisema. "Hata kama ni hivyo. Hao wengine mimi sikuwaona, dada. Nilikuona wewe."

"Mjomba wako ana nguvu. Ukimwambia…"

"Mjomba ameahidiwa gari la wagonjwa kwa kata yake. Ameshawatangazia watu." Akampindua samaki, akaanza upande wa pili. "Mimi nilikuwa nakuletea samaki. Unakumbuka? Ng'washi ndiye aliyekuwa akinituma. Alikuwa anasema, yule asiende nyumbani mikono mitupu."

Akaja mteja mwenye gari, akauliza bei. Jilala akamgeukia.

*

Daktari Hemed alimpa uhamisho kwa mdomo kwanza, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, hakumkaribisha ndani. Zahanati moja ya Migato, wilayani Itilima, ilikuwa imekaa muda mrefu bila muuguzi.

"Ni kwa faida yako," alisema. "Huko watu hawana maneno mengi."

"Daktari, huko nitazalisha."

"Bila shaka. Ndiyo kazi yako."

"Nikiwa na hivi vijidudu?"

Daktari aliangalia saa yake. "Kule hakuna upasuaji, Lukresia. Uzazi wa kawaida tu."

"Wanachanika, Daktari. Mwanamke akichanika ni kidonda. Na kitovu cha mtoto ni kidonda. Nipe hayo mafuta nipake ndipo niende."

"Yamekwisha. Utaagiza kupitia huko."

Wote wawili walijua kwamba zahanati za vijijini haziletewi mafuta yale. Daktari alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mstaarabu aliyemaliza jambo gumu, akafunga mlango.

Alisafiri na begi moja. Maganga alisema yeye na Winnie watamfuata shule zikifungwa, na Lukresia akaitikia, ingawa alimwona jinsi alivyoyasema, akiyaangalia magurudumu ya gari. Njia ilipita katikati ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu. Mvua ilikuwa haijanyesha.

Kule hawakuwa wamesikia lolote. Alipoteremka alikuta wanawake wamejipanga mbele ya zahanati, wamevaa khanga zao za kanisani, na alipokanyaga chini vigelegele vikapasuka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima aliyeitwa Ndaki, alimpokea begi yeye mwenyewe.

"Mwadila, mayu! Karibu, mama yetu, karibu sana. Tumekuomba kwa Mungu muda mrefu. Yule wa kwanza alituacha, tukawa tunazalishana wenyewe kwa wenyewe. Ingia, tena umekuja saa yake. Kuna mtu ndani."

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja cha chuma, na juu yake msichana ambaye hajavuka ishirini, jasho limemlowesha. Jina lake Stephania, mama mkwe wake alisema, uchungu umeanza tangu jana, mtoto wa kwanza. Lukresia aliangalia ukutani. Palikuwa na sinki jipya kabisa, bado limefungwa karatasi ya kiwandani, na chini yake hakukuwa na bomba lolote.

"Maji ya kunawa?" aliuliza.

Mama mkwe akamsogezea beseni. Yalikuwa maji ya lambo, yana rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake kilikuwa kikielea kipande cha jani.

"Glovu?"

Wakaangaliana.

"Mwenyekiti," Lukresia alisema, "kuna jambo lazima niwaambie kabla sijamgusa mtu. Mimi nimeletwa huku kwa sababu…"

"Yote utatuambia, mayu," Ndaki alijibu kwa upole kutoka mlangoni, akigeuka ili asione yasiyomhusu mwanamume. "Kwanza tusaidie huyu."

Alirudi nyuma hatua moja, akaificha mikono mgongoni kama mtoto aliyekamatwa. Uchungu ukamjia Stephania. Akapinda mgongo, akapapasa hewani akitafuta kitu cha kushika, akaukamata mkono wa Lukresia na kuuvuta mbele kwa nguvu ya ajabu. Akaulaza juu ya tumbo lake, kiganja wazi, na kuukandamiza hapo kwa mikono yake yote miwili.

"Wabeja, mayu," alimshukuru akihema. "Usiutoe. Usiutoe."

Nje vigelegele vilikuwa bado havijakoma.